Peoni nyeupe, waridi la kale, kamelia au gardenia: lipi lipandwe Nakuru, Kericho na Kisumu

Kila msimu wa harusi unapokaribia, swali la peoni nyeupe hurudi Nakuru. Mtu ameliona ua lenyewe kwenye picha: petali zimejaa hadi katikati, upana wake sentimita 15 hadi 20, bibi harusi amelikumbatia kwa mikono miwili. Sasa anataka kulipanda nyumbani, Milimani au Kiamunyi, au kwenye shamba la wazazi huko Njoro, ili siku ya binti yake maua ya mezani yatoke bustani ya nyumbani. Ni hamu nzuri na ninaiheshimu. Ila peoni hubagua hali ya hewa kuliko maua mengi tunayoyafuga, na kabla ya kutoa pesa inafaa iwekwe kando ya maua mengine meupe yenye petali za kujaa, kisha yote yatazamwe kwa hali ya mahali unapoishi.

Nimeweka hapa peoni mbili za kale, mawaridi ya kale, kamelia, gardenia, na dalia kwa uchache. Sikuyapa nafasi sawa. Kwa mtu wa Nakuru mjini shindano halisi liko kati ya peoni na waridi, na naomba niseme mapema kwamba mimi nachagua waridi. Mtu wa Kericho ana chaguo jingine zuri kuliko yote mawili, na wa Kisumu ana lake.

Peoni zenyewe: Festiva Maxima na Duchesse de Nemours

Peoni nyeupe ya kale inayotajwa zaidi ni 'Festiva Maxima'. Ilitolewa Ufaransa mwaka 1851 na mkuzaji aliyeitwa Miellez, karibu na mji wa Lille, na mpaka leo ingali inauzwa. Ni ya jamii ya Paeonia lactiflora, ambayo asili yake ni China, Mongolia na Siberia. Wachina wametumia mizizi ya mmea huo kama dawa tangu kale. Ua la 'Festiva Maxima' ni jeupe, na hapa na pale karibu na kitovu kuna vidoa vyekundu vya damu ya mzee. Vidoa hivyo ndivyo alama yake. Ukiuziwa tunguu, yaani mzizi wake mnene wa kupanda, kwa jina hilo na ua likatoka jeupe tupu kila mwaka, umeuziwa kitu kingine. Harufu yake ni tamu na huenda mbali. Mmea hufika kama sentimita 90, na huchanua mapema kuliko peoni nyingi.

Dada yake ni 'Duchesse de Nemours', iliyotolewa na Calot, Mfaransa mwingine, mwaka 1856. Hii haina vidoa. Petali za nje ni pana na nyeupe, za ndani zimebanana na zina rangi ya manjano hafifu inayoelekea kijani pale zinapoanzia. Wengi huiona kuwa na harufu kali zaidi, na mimi nakubaliana nao. Ua lake ni dogo kidogo kuliko la 'Festiva Maxima', na zile petali za ndani zilizobanana hulipa umbo la kiasi.

Kama ningeishi Ulaya au kaskazini mwa Marekani ningepanda 'Duchesse de Nemours' kwa ajili ya harufu. Kwa mtu anayetaka kujaribu mahali penye joto, 'Festiva Maxima' ndiyo ya kuanzia. Wakulima wa majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako baridi ni fupi, wamekuwa wakiichagua kwa miaka mingi kwa sababu huwahi kuchanua kabla joto halijapanda. Peoni inayochelewa, tena yenye petali nyingi, hukutwa na joto ingali tumba. Tumba likapigwa na jua kali, hukauka bila kufunguka.

Lakini kusini mwa Marekani bado kuna majira ya baridi. Sisi hatuna, na hapo ndipo maneno yote yanapoanzia.

Baridi ambayo Nakuru haina

Peoni hujificha ardhini. Majani hukauka, mmea hubaki tunguu lenye macho mekundu, yaani vichipukizi vilivyofungwa, chini kidogo ya udongo, na macho hayo hulala. Kinachoyaamsha ni baridi ya muda mrefu. Kiasi kinachotajwa kwa kawaida ni saa 500 hadi 1,000 za baridi ya nyuzi 4 au 5 kushuka chini. Bila hiyo, macho huamka nusu nusu: machipukizi machache mafupi, majani, na ua hakuna. Mbolea haiwezi kuziba pengo hilo, wala maji, wala kuongea nayo kwa upole.

Tazama basi mahali petu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, kusini kidogo tu ya ikweta. Usiku wa kawaida ni nyuzi 10 hadi 13. Mchana 24 hadi 28. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi kando ya ziwa, usiku hukaa kwenye 17 na mchana hufika 30. Hata Molo, iliyo karibu na mita 2,500, na Timboroa iliyopita mita 2,700, baridi yake ni ya alfajiri. Saa kumi za usiku unavaa koti zito. Saa sita mchana umelivua. Huku kwetu mabadiliko makubwa ya joto hutokea kati ya usiku na mchana wa siku hiyo hiyo, wala si kati ya Januari na Julai. Tunguu la peoni likionja nyuzi 5 kwa saa mbili kabla ya jua, kisha likakaa kwenye udongo wenye joto mchana kutwa, hesabu yake ya baridi haijengeki. Joto la mchana hubomoa kilichojengwa usiku.

Kwa hiyo aliye na ari hukimbilia friji. Njia hiyo ina mantiki, na wakuzaji wa biashara huitumia kwa kiwango kikubwa kwenye vyumba vya baridi. Wiki sita mfululizo kwenye nyuzi 2 hadi 4 ni zaidi kidogo ya saa 1,000. Ukitaka kujaribu nyumbani, subiri majani yazeeke, yakate, chimbua tunguu kwa uma wa bustani bila kulivunja, litikise udongo, lifunge kwenye makumbi ya nazi yenye unyevu mdogo sana ndani ya mfuko uliotobolewa, kisha liweke sehemu ya chini ya friji. Usiliweke pamoja na ndizi mbivu, parachichi au matofaa, kwa maana matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini na gesi hiyo huua macho ya ua yangali ndani. Usiligandishe. Julai ndiyo wakati mzuri wa kulitoa, maana miezi ya baridi ya nyanda za juu ni Juni hadi Agosti na chipukizi litakutana na hali ya hewa ya upole. Panda mahali penye jua la asubuhi na kivuli chepesi cha alasiri, macho yakielekea juu, yamefunikwa kwa udongo wa sentimita 2 hadi 3 tu. Ulaya huyafukia hadi 5. Ukiyazamisha zaidi, utapata majani mazuri sana na hutapata ua.

Hayo yote mtu mwangalifu anaweza kuyafanya, hasa wa Molo, Mau Summit au Timboroa. Kinachonizuia kumshauri mtu ni jambo jingine. Peoni haipendi kuhamishwa. Ikishapandwa hupumzika, huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kutoa maua ya kuridhisha, halafu ikiachwa palepale huishi miaka 50 na kuendelea; huko kwao kuna peoni zilizopandwa na mabibi ambazo wajukuu wanazikata leo. Uzuri wake mkubwa kama mmea wa urithi ni huo: unapanda mara moja. Sisi tukiipeleka friji kila mwaka tunalazimika kuichimbua kila mwaka. Kila uchimbuzi hukata mizizi midogo, na kila kidonda ni mlango wa kuoza. Yaani njia pekee ya kuipa baridi ndiyo hiyo inayoinyima utulivu. Unaweza kuikuza kwenye chungu kikubwa cha lita 40 ili usiiguse, lakini chungu hicho hakiingii kwenye friji ya nyumbani. Kinataka chumba cha baridi, na wenye vyumba vya baridi kwetu ni mashamba ya maua.

Kuna pia suala la kuipata. Tunguu la peoni likitoka nje ya nchi lazima liwe na kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, kilichoombwa kabla ya kuagiza, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi linakotoka, na lije bila udongo. Usimpe mtu anayesafiri akufichie moja kwenye sanduku. Mizizi ndiyo hubeba minyoo fundo na kuvu, na majirani zako wanalima viazi na maua ya kuuza.

Nikijumlisha gharama ya kuagiza, kibali, miaka ya kungoja na friji, peoni Nakuru ni mradi wa mtu anayependa jaribio lenyewe. Anayetaka ua jeupe la kukata atumie udongo wake kwa kitu kingine.

Waridi la kale, lililozaliwa katika bahari yetu

Mawaridi mengi meupe yana petali za kujaa, lakini si yote ya kale yatakufaa. Chukua 'Madame Hardy' ya mwaka 1832, waridi jeupe lenye kitufe cha kijani katikati, ambalo wapenzi wa mawaridi wengi huliweka juu ya yote. Ni la jamii ya damaski, nalo huchanua mara moja kwa mwaka baada ya baridi. Likiletwa Nakuru lina shida ileile ya peoni: majani mengi, maua ya kubahatisha. Umri na sifa za waridi havitoshi. Uliza kwanza kama hurudia kuchanua.

Linalorudia, na ninalolipendekeza bila kusita, ni 'Boule de Neige'. Lilitolewa Lyon mwaka 1867 na Lacharme. Matumba yake ni ya mviringo, yamepakwa wekundu kwa nje, na yakifunguka wekundu huo hubaki kwenye kingo za petali chache, kisha ua lote huwa jeupe na petali za nje hukunjika kuelekea nyuma mpaka ua likawa karibu tufe. Angalia jinsi linavyokaribiana na 'Festiva Maxima': weupe, alama ndogo za wekundu, kujaa, harufu nzito. Tofauti kubwa ni ukubwa. Ua la 'Boule de Neige' ni la sentimita 7 au 8 hivi, nusu ya peoni, ila hutoka kwa vikonyo vya maua kadhaa pamoja, na vikonyo vitatu hujaza chombo.

Sababu ya waridi hili kustahimili kwetu iko kwenye ukoo wake. Ni la jamii ya mawaridi ya Bourbon, na Bourbon lilikuwa jina la kisiwa cha Réunion, huku huku Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Mapema katika karne ya 19 wakazi wa kisiwa hicho walipanda mawaridi kuwa uzio wa mashamba yao, waridi la China likiwa sambamba na damaski la vuli, na mawili hayo yakachanganyika yenyewe. Mbegu zikapelekwa Paris, na kutoka hapo jamii nzima ikaenea. Upande wa China ulileta tabia ya kuchanua tena na tena bila kungoja baridi ipite. Upande wa damaski ulileta harufu. Kwa hiyo ukipanda Bourbon Nakuru, unapanda mmea ambao wazee wake walikutania katika nchi ya tropiki, na unaona tofauti tangu mwaka wa kwanza.

Lina udhaifu wake. Nakuru mchana ni mkavu na usiku ni baridi, hali inayopendwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokunja majani machanga. Wakati wa mvua za masika, Machi hadi Mei, huja madoa meusi ya majani, na mawaridi ya Bourbon yanashambuliwa kwa urahisi. Mvua ya siku nyingi pia huweza kushikamanisha petali za nje hadi tumba likaoza bila kufunguka. Dawa ya kwanza ni nafasi: mita moja na nusu kati ya mche na mche, mbali na ukuta unaozuia upepo. Mwagilia shinani asubuhi, usinyunyize majani jioni. Majani yaliyoanguka yaokotwe yachomwe. Tandaza mboji au samadi iliyooza vizuri, isiguse shina. Baada ya kila duru ya maua kata kikonyo hadi jani lenye vijani vitano, na duru nyingine itaanza.

Kama una ukuta au baraza ya kufunika, liko jingine: 'Madame Alfred Carrière' ya mwaka 1879, kazi ya Schwartz wa mji huo huo wa Lyon. Hupanda juu mita nne au tano, miiba michache, maua meupe yenye haya ya waridi hafifu, hurudia kuchanua, na harufu yake ni safi. Ua lake halijajaa sana kama la 'Boule de Neige', na halikai muda mrefu kwenye chombo. Kwa geti la nyumba ya Lanet au Njoro sijui kizuri kuliko hilo.

Nitaje na 'Iceberg', kwa sababu ndilo utakalolikuta kirahisi kwenye vitalu. Lilitolewa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958. Ni jeupe safi, halichoki, na huvumilia mtunzaji mwenye shughuli nyingi. Lakini petali zake hazijajaa vya kutosha kumridhisha mtu aliyependa peoni, na harufu ni ndogo. Wengine husema wanunue tu mawaridi meupe ya shamba kutoka Naivasha. Hayo ni mazuri mezani, yamefugwa yakae siku nyingi yakisafirishwa, na katika ufugaji huo harufu mara nyingi ndiyo iliyoachwa nyuma. Anayetaka bustani inayonukia usiku asianze huko.

Kamelia kwa watu wa majani chai

Sasa niwageukie wa Kericho, Kapsabet, Nandi Hills na Kisii ya juu. Ninyi mna udongo ambao mtu wa Nakuru angeulipia. Chai ni kamelia: jina lake la kitaalamu ni Camellia sinensis, nayo ililetwa Kenya mwaka 1903, ikapandwa kwanza Limuru. Udongo wenye tindikali, mvua karibu mwaka mzima, usiku wa baridi ya kadiri: kila kinachoipendeza chai kinaipendeza pia kamelia ya maua, Camellia japonica.

Na katika kamelia nyeupe za kale hakuna inayoizidi 'Alba Plena' kwa umri wala kwa umbo. Ililetwa Uingereza kutoka China mwaka 1792, miaka karibu 60 kabla ya 'Festiva Maxima' kuzaliwa. Petali zake zimepangwa duru juu ya duru, kila moja imelalia mwanya wa mbili zilizo chini yake, na katikati huoni kitovu wala chavua. Peoni ni fujo tamu ya petali. Kamelia hii ni mpangilio mtupu. Majani yake hubaki ya kijani yanayong'aa mwaka mzima, kwa hiyo hata bila maua una kichaka cha heshima mbele ya nyumba. Haina harufu, na anayenunua ajue hivyo tangu mwanzo.

Adui wake ni mawili. La kwanza ni mguso. Petali nyeupe za kamelia ukizishika, au upepo ukizisugua, hugeuka kahawia kabla ya siku kuisha. La pili ni mvua ya mawe, na Kericho na Nandi Hills zinajulikana kwa mvua ya mawe kuliko karibu mahali popote. Wakulima wa chai wanajua inavyochana majani, petali haziponi. Panda upande wa nyumba uliokingwa na paa lililotokeza, upande usiopigwa na jua la asubuhi moja kwa moja, na matumba mengi yataokoka. Kamelia hukua polepole. Mche wa urefu wa goti utakaa miaka kadhaa kabla ya kuitwa mti, na hapo inafanana na peoni: ni ya mwenye subira. Tofauti ni kwamba subira ya kamelia Kericho hulipwa.

Nakuru mjini siishauri. Maji mengi ya visima vya huku, yaleyale yenye floridi inayotia meno rangi ya kahawia, pia yana magadi, na kadiri unavyoelekea Ziwa Nakuru udongo nao huwa wa magadi zaidi. Mmea unaotaka tindikali ukinyweshwa maji hayo hushindwa kufyonza chuma. Majani huwa ya njano, mishipa ikibaki kijani, na mtu huongeza mbolea akidhani ni njaa. Kama lazima uwe na kamelia Nakuru, ipande kwenye chungu cha udongo wa msituni uliochanganywa na majani yaliyooza, na uinyweshe maji ya mvua peke yake.

Gardenia ya Kisumu

Kwa Kisumu peoni tuisahau kabisa, na kamelia pia. Usiku ni wa joto mno. Gardenia ndiyo yenye haki hapo: Gardenia jasminoides ya petali nyingi, kichaka cha kimo cha kiuno hadi kifua, majani meusi ya kung'aa, ua jeupe la sentimita 7 au 8 na harufu inayojaza chumba kizima. Kati ya maua yote ninayolinganisha, hili ndilo lenye harufu kali zaidi, na wengine huona ni nzito mno kwa chumba cha kulala.

Lina tabia mbili za kuvumilia. Ua huwa jeupe siku moja au mbili, kisha hugeuka manjano ya siagi kabla ya kuanguka, kwa hiyo kwa harusi likatwe asubuhi ya siku yenyewe. Na matumba huanguka yangali mabichi kama usiku una joto sana, kama maji yalikauka siku mbili tatu, au kama chungu kimehamishwa. Wakazi wa vilima vya Riat, ambako usiku huwa mpole kuliko kando ya ziwa, wako afadhali kidogo kuliko wa Dunga. Gardenia nayo hutaka tindikali, kwa hiyo yale niliyoyasema juu ya maji ya kisima yanaihusu vilevile. Ukienda Maseno au Kakamega, kwenye udongo mwekundu na mvua nyingi, hukua bila kubembelezwa sana.

Tunazo gardenia zetu za porini pia, kama Gardenia ternifolia na Gardenia volkensii. Zinavumilia ukame ajabu na zinanukia, lakini ua lake ni la petali chache za safu moja. Yeyote mwenye nafasi aipande moja kwa ajili ya kivuli na ndege; kwa anayetafuta ua la kujaa hazijibu swali.

Dalia, kwa haraka

Dalia ni ya nyanda za juu za Meksiko, nchi yenye siku za joto na usiku wa baridi kama Nakuru, na hapa huota karibu bila kuombwa. Dalia nyeupe yenye petali za kujaa yaweza kufika upana wa peoni kubwa ndani ya miezi mitatu au minne tangu kupanda kiazi chake. Hakuna njia ya haraka wala ya bei nafuu kuliko hiyo ya kupata picha ile ya harusi. Haina harufu, shina lake linataka kigingi, na utitiri huipenda wakati wa kiangazi cha Januari. Kama harusi ni Desemba na sasa ni Agosti, acha yote niliyoyasema juu na upande dalia.

Ukitaka moja tu

Swali la tarehe ni zito kuliko watu wanavyofikiri. Peoni, hata pale inapostawi, huchanua wiki chache kwa mwaka. Za Uholanzi hujaa sokoni Mei na Juni. Harusi zetu nyingi ni Agosti na Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo hata ukifanikiwa na friji yako Molo, kuna uwezekano mkubwa ua litatoka wakati hakuna anayeoa. Waridi la Bourbon likikatwa vikonyo vyote wiki sita hadi nane kabla ya siku, hurudi na duru mpya karibu na tarehe uliyoitaka. Huo ni uwezo ambao peoni haina popote duniani ikiwa kwenye bustani ya wazi.

Anayetaka harufu na kukata mwaka mzima, akiwa Nakuru, Njoro, Eldoret au Kitale: 'Boule de Neige'. Aliye kwenye majani chai na ana subira: 'Alba Plena'. Wa Kisumu na Kakamega: gardenia, kwenye kivuli chepesi na maji ya mvua. Wa Timboroa mwenye friji ya ziada na moyo wa jaribio: 'Festiva Maxima', tunguu moja kwanza, si kumi.

Mkienda vitaluni, majina haya ya kale hayapatikani kila siku, na mwuzaji wa kando ya barabara mara nyingi atakuambia tu ni waridi jeupe. Nenda wakati mmea una ua. Inama ulinuse ua kabla ya kuulizia bei; waridi lisilonukia kitaluni mara nyingi halitanukia nyumbani. Tazama tumba lililofungwa kama lina wekundu wa nje. Hesabu miche inayorudia: ile yenye maua yaliyonyauka na matumba mapya kwa pamoja ndiyo unayoitaka. Tazama pia chini ya shina kama limebebeshwa, yaani limeunganishwa juu ya mizizi ya mwaridi wa porini, maana machipukizi yakitoka chini ya kifundo cha kiungo hicho ni ya mwaridi huo wa porini na yang'olewe kila yanapoonekana.

Na ukimkuta mama mwenye Bourbon jeupe kwenye boma lake Elburgon au Molo, mwombe kipandikizi. Kata kijiti kilichomaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, ukate chini kidogo ya kifundo cha jani, uache majani mawili ya juu, ukifukie theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, mwanzoni mwa mvua, ukifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Weka kivulini. Baada ya wiki sita hadi nane kivute kwa upole sana. Kikikataa kuja, kimeshika mizizi.